Sura ya 1736, Sauti ya 2005

Tarehe 1 Desemba 1736, Johann Sebastian Bach alipiga kinanda kipya cha kanisa la Frauenkirche, mjini Dresden, Ujerumani. Kilikuwa kimezinduliwa siku chache tu kabla. Aliyekiunda ni Gottfried Silbermann, fundi aliyeheshimika sana eneo la Saxony.

Nikisema kinanda, usifikirie kile cha kuchomeka kwa stima. Hiki ni cha mabomba: upepo unasukumwa ndani ya maelfu ya mabomba ya chuma na mbao, na kila bomba lina sauti yake moja. Fundi hukiunda kulingana na jengo. Mabomba yakishasimama, anayasikiliza moja baada ya jingine, akiyarekebisha hadi yapatane na kuta zile. Si kitu cha kuhamisha hivi hivi.

Februari 1945, ndege za Uingereza na Marekani zililipua Dresden. Watu hadi 25,000 walikufa. Kanisa lilijikaza, lakini tarehe 15 kuba likaporomoka. Kinanda kikaisha nalo. Kifusi kilikaa pale miaka na miaka, hadi baada ya Ujerumani kuungana tena. Ujenzi ulianza 1994.

Sasa swali likawa: kinanda je? Wengine walitaka cha Silbermann kirudi kilivyokuwa, kwa sababu kanisa lenyewe lilikuwa linarudishwa lilivyokuwa. Wengine wakauliza, kwa nini tujifungie kwenye muziki wa karne ya 18? Isitoshe, kile cha zamani kilikuwa kimebadilishwa mara kadhaa kabla ya vita. Na hapo karibu, kwenye Hofkirche, kuna kinanda halisi cha Silbermann. Mabomba yake yalitolewa na kufichwa wakati wa vita, yakapona.

Kazi ikapewa Daniel Kern wa Strasbourg, Ufaransa. Uso wa nje ulichongwa kama ule wa 1736. Ndani kuna mabomba zaidi ya 4,800 na safu nne za vibonyezo, badala ya tatu za Silbermann. Hiyo ya nne ni ya muziki uliokuja baadaye. Kumbe hata Silbermann mwenyewe alijifunzia ufundi Strasbourg, kwa kaka yake Andreas. Kanisa likafunguliwa Oktoba 2005.

Mimi niko upande wa walioongeza safu ya nne. Nakala kamili ingekuwa kama kusema 1945 haikutokea. Kinachonisumbua ni ule uso. Ukitazama kuta za nje za Frauenkirche, mawe meusi yaliyookolewa kwenye kifusi yamekaa katikati ya mawe mapya meupe. Jengo linakuambia wazi limepitia nini. Kinanda hakisemi. Mgeni anaweza kukaa chini yake misa nzima akidhani ndicho alichopiga Bach.

Kujenga upya sina shida nako. Ila kovu liachwe lionekane.