Vinjia vya Nyamisati: Vilikuwepo Kabla ya Baiskeli za Gia

Kwenye barabara ya Kilwa, kabla hujafika Kibiti mjini, kuna Bungu. Mabasi ya Lindi na Mtwara yanapita pale kama hayapaoni vile. Shuka hapo na baiskeli yako ya milimani, hizi za gia na shokapu mbele, kata kushoto kuelekea baharini, na una kama kilomita 40 mpaka Nyamisati, kwenye gati la kwenda Mafia. Barabara ipo, magari yanapita. Ila mtu wa baiskeli haendi kule kufuata barabara. Anafuata vinjia vinavyochomoka pembeni. Kwanza mchanga katikati ya mikorosho, unaomeza tairi mpaka unashuka kusukuma. Halafu pori lenye kivuli, mizizi na majani makavu, ambapo njia inakuwa nyembamba kama upana wa usukani. Halafu udongo mweusi, ambao kiangazi ni saruji na masika ni gundi. Mwisho miti inaisha ghafla, unatokea kwenye jangwa la chumvi, na mbele yake mikoko.

Mlima hakuna hata mmoja. Vilima vya maana viko kusini ya mto, Kichi na Umatumbi. Lakini kwa ufundi wa kuendesha, ukanda huu unakupa kila kitu, na ukiwa unakata kona katikati ya pori ni rahisi sana kuamini kwamba umegundua kitu. Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Njia haijichimbi yenyewe. Kona unayoifurahia leo ilipindishwa na mtu aliyekuwa anakwepa shimo, simba au askari, na mara nyingi alikuwa na mzigo kichwani.

Historia ya baiskeli za milimani, ile ya vitabuni, inaanzia Marekani. Miaka ya 1970, Marin County karibu na San Francisco, kundi la vijana lilichukua baiskeli nzito za zamani zenye gia moja, likazivua madude yote yasiyo na kazi, likateremka nazo mlima Tamalpais. Mwaka 1976 wakaanzisha mashindano yaliyoitwa Repack, kwa sababu breki ilikuwa inachemka mpaka grisi inaungua, na ukifika chini lazima uifungue uijaze upya. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakafungua biashara ya kuuza baiskeli za aina hiyo. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper kwa wateja wa kawaida, na mwaka 1996 mchezo ukaingia Olimpiki ya Atlanta. Kila kitu kina jina: waanzilishi, baiskeli, mpaka mteremko wenyewe.

Upande wa Rufiji mambo yalikwenda kinyume. Njia zina karne na zaidi, majina ya waliozipita hakuna.

Chukua mwaka 1873. Juni ile, Sultani Barghash wa Zanzibar alibanwa na Waingereza akasaini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini, na soko la Zanzibar likafungwa. Wafanyabiashara hawakuacha biashara. Walihamisha njia tu. Badala ya kupakia watu majahazini Kilwa, wakawaswaga kwa miguu pwani yote kuelekea kaskazini, wakivuka Rufiji, kupita nyuma ya delta, mpaka mashamba ya Pangani na kwingineko. Ofisa wa ubalozi wa Uingereza, Frederic Elton, alisafiri nchi kavu kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa mwishoni mwa mwaka huo. Katika muda wa mwezi mmoja tu, yeye na msafara wake walihesabu watumwa 4,096 wakipitishwa kwenda kaskazini. Elton tunamjua kwa jina. Wale 4,096 ni tarakimu kwenye ripoti yake. Barghash alipiga marufuku misafara ya nchi kavu mwaka 1876, na pori la pwani likabaki na njia iliyokanyagwa na miguu iliyofungwa minyororo.

Huku mikokoni kulikuwa na kazi yake. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko wowote ulioungana pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki, na boriti zake zilikwenda Zanzibar, Oman na Ghuba kwa majahazi. Ukiingia nyumba ya zamani Unguja au Lamu ukajiuliza mbona vyumba ni virefu na vyembamba, jibu ni boriti: upana wa chumba uliishia pale urefu wa mti ulipoishia. Wajerumani waliifanya mikoko hiyo kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1898. Mkataji akawa mtu wa kuomba kibali kwenye msitu ambao babu yake aliukata bila kumuuliza mtu.

Halafu ikaja pamba ya lazima, na baada ya pamba, Ngarambe. Kijiji hiki kiko kusini ya Rufiji, na ndiko Kinjikitile Ngwale alikokuwa akigawa maji ya dawa. Watu walimiminika kwake kwa makundi kutoka pande zote, kwa miguu, huku habari zikipita kwa mnong'ono ambao Wamatumbi waliuita njwiywila. Hebu fikiria: hakuna simu wala gazeti, na bado ujumbe ulienea nchi nzima ya kusini. Ulisafiri kwenye vinjia. Mkoloni alikuwa na barabara zake chache, na pembeni yake kulikuwa na mtandao mzima asioujua. Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi Julai 1905. Kinjikitile alinyongwa Mohoro, tarehe 4 Agosti, kabla hata moto haujakolea. Vita viliendelea mpaka 1907, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Baadhi ya wanahistoria wanaweka idadi ya waliokufa kwa jumla kufikia 300,000.

Miaka kumi baadaye ndiyo hadithi ya delta inayopendwa zaidi na wageni, ile ya meli. Manowari ya Kijerumani SMS Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza HMS Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha ndani ya delta, maeneo ya Salale, jina ambalo leo ni la kata humohumo. Waingereza waliiteka Mafia, wakatumia ndege kuitafuta na kuelekeza mizinga, na tarehe 11 Julai 1915 meli mbili za kuingia maji mafupi, Severn na Mersey, zikaimaliza. Filamu za vita zingeishia hapo.

Kazi yenyewe ndiyo kwanza ilianza. Wajerumani waliitoa mizinga kumi ya meli kutoka kwenye maji, wakaitengenezea magurudumu, na mamia ya Waafrika wakaivuta kwa kamba mpaka Dar es Salaam kwa matengenezo. Kila mzinga ni tani kadhaa za chuma. Ule mchanga unaokushusha kwenye baiskeli ya kilo kumi na tano, wao waliupita na mzinga. Wengine walifyeka mbele ili njia ipanuke, wengine walivuta. Mizinga ilitumika kwenye kampeni ya Lettow-Vorbeck, na leo mmoja unaweza kuuona Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria. Meli ina jina, nahodha ana jina, mzinga una kibao chake. Waliovuta?

Dar es Salaam kuna jibu la aina fulani. Sanamu ya Askari, ile ya mwaka 1927 katikati ya jiji, ina maandishi ya Kiswahili na Kiingereza yanayowataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba wana watalikumbuka jina la aliyekufa. Kwenye sanamu yote hakuna jina hata moja. Na upande wa Waingereza peke yao, wapagazi waliokufa kwenye vita ile wanakadiriwa kuwa karibu 95,000. Unaweza kupita pale kila siku na daladala na usijue kwamba maandishi yale yanahusu watu waliobeba magunia na masanduku kwenye mapori kama haya ya Kibiti.

Baiskeli nayo ilifika, polepole. Mwanzoni ilikuwa ya wazungu, wamisheni na makarani. Halafu ya mkulima aliyeuza vizuri. Raleigh kutoka Uingereza, baadaye Phoenix ya China, na katikati hapo Swala, iliyotengenezwa nchini enzi za mashirika ya umma. Kilichoifanya baiskeli kuwa ya lazima Rufiji, kwa mtazamo wa makala hii, ni mafuriko. Baada ya mto kufurika mwaka 1968, serikali iliendesha Operesheni Rufiji, ikawahamisha watu wa bondeni kwenda maeneo ya juu, upande wa kaskazini. Nyumba zikahama. Mashamba ya mpunga hayakuhama, kwa sababu rutuba iko kule mto unakofurika. Basi ukawa na watu wanaoishi juu na kulima chini, na katikati kilomita za pori. Vinjia vikazaliwa upya, safari hii na alama za tairi.

Kule shambani mtu hulala kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, akilinda mpunga dhidi ya nguruwe pori na ndege. Kati ya 2002 na 2004 kazi hiyo ilikuwa hatari kuliko kawaida. Simba mmoja alihusishwa na vifo vya watu wapatao 35 katika vijiji vya Rufiji, na alipouawa Aprili 2004 ilionekana alikuwa na jino bovu lenye usaha. Watu walimpa jina: Osama. Dunia nzima ikaandika habari zake. Unaona mchezo ulivyo? Hata simba alipata jina, na wale 35 wakabaki "wanakijiji".

Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 pale mtoni, magari yaliacha kupanga foleni ya kivuko Ndundu, na pikipiki zikaingia kwa fujo. Ungetegemea baiskeli ife. Haikufa. Mwaka 2017, baada ya mauaji ya viongozi wa vijiji, polisi na raia yaliyoitikisa Kibiti, pikipiki zilizuiwa kutembea usiku. Njia zilezile za kwenda shamba zikawa za kuogopwa, na mtu kuonekana porini jioni kukahitaji maelezo. Wakazi wengi walikaa na hofu ya pande mbili, na habari hiyo haijaandikwa inavyostahili mpaka leo.

Na baiskeli zenyewe za pale zinafanana na zile za Marin kuliko unavyofikiri. Gia moja, fremu ya chuma, madude yamevuliwa. Ila Marin walivua ili wakimbie. Huku wanavua ili waongeze mzigo. Fundi anachomelea nondo kwenye keria na kuimarisha uma wa mbele. Tyubu kuukuu inakatwa vipande kuwa mpira wa kufungia. Mchuuzi wa samaki anafunga tenga nyuma na kuondoka gatini kukiwa bado giza, kwa sababu jua likipanda bei inashuka. Mwenye gia ishirini na moja akimfuata huyo kwenye mchanga ataachwa, na si suala la nguvu. Mwenzake anajua wapi pa kushuka kabla tairi halijazama.

Ndiyo maana hii tabia ya kurekodi kinjia kwenye programu ya simu na kukibatiza jina jipya la Kiingereza inakera kidogo. Si dhambi, watu wanafurahi tu. Lakini kuuliza hakugharimu kitu. Muulize mchuuzi kinjia kile kinaitwaje, na huenda akakujibu kwa kinakokwenda: cha kisimani, cha shambani kwa mzee fulani, cha Mchungu. Yaani jina lipo, na lina maana kwa anayelitumia.

Kwa anayetaka kwenda: Juni mpaka Oktoba ndiyo miezi yenyewe. Machi mpaka Mei usijidanganye; mafuriko ya Aprili 2024 yalifunika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti, na hata kwenye mwaka wa kawaida udongo mweusi utakuganda kwenye mnyororo mpaka gurudumu ligome kuzunguka. Beba viraka vya kutosha kwa sababu ya miba, na maji kuliko unavyodhani utahitaji. Ukitaka kuvuka Mafia kwa MV Kilindoni, uliza ratiba kabla ya kuondoka Bungu. Ukiingia kwenye jangwa la chumvi angalia maji ya bahari kwanza, maana yakianza kujaa hayasubiri mtu amalize kupiga picha. Na kinjia ni chembamba: ukikutana na baiskeli yenye mzigo inakuja, wewe ndiye unayepisha.