Fahamu Namna Saumu Inavyoathiri Mafuta na Misuli ya Mwili

Mwezi Machi 2025, mfungo wa Ramadhani na ule wa Kwaresima ilianza ikiwa imepishana siku chache tu. Katika Kata ya Mandawa, Wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, mwezi huo ni wa kazi za shamba, hivyo wakulima wengi hufunga huku jembe likiwa mkononi. Kwao, kudhoofika kwa misuli ni kupungua kwa nguvu ya kuzalisha chakula na kipato cha kaya.

Je, mwili wa mtu aliyefunga hutumia mafuta au misuli? Hutumia vyote viwili, kwa viwango tofauti. Kiwango hicho hutegemea urefu wa mfungo, kazi anayofanya mfungaji na chakula anachokula usiku.

Mwili unavyotumia akiba yake

Baada ya mlo, sehemu ya sukari huhifadhiwa kwenye ini na misuli kama glikojeni. Ini la mtu mzima huhifadhi takribani gramu 100. Saa chache baada ya daku, homoni ya insulini hushuka, ini huanza kutoa sukari hiyo kwenye damu, na mafuta yaliyohifadhiwa chini ya ngozi na tumboni huanza kuyeyushwa ili yatumike kama nishati. Kadiri magharibi inavyokaribia, ndivyo mchango wa mafuta unavyoongezeka.

Uzito unaopungua siku za mwanzo, hata hivyo, si mafuta pekee. Kila gramu ya glikojeni huhifadhiwa pamoja na takribani gramu 3 za maji, na akiba hiyo inapotumika, maji hayo nayo hutoka.

Misuli hupotea lini?

Ubongo huhitaji takribani gramu 120 za sukari kwa siku. Akiba ya ini inapopungua, mwili hutengeneza sukari kwa kutumia, pamoja na vitu vingine, protini ya misuli. Mfungo ukiendelea kwa siku kadhaa bila chakula, ini huzalisha ketoni kutokana na mafuta. Katika miaka ya 1960, Profesa George Cahill wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na wenzake walionesha kuwa ubongo hutumia ketoni hizo, na hivyo upotevu wa misuli hupungua.

Saumu ya kutwa haifiki huko. Mandawa, muda kati ya alfajiri na magharibi ni takribani saa 13 na nusu. Misuli inayotumika kidogo mchana hujengwa tena usiku, ili mradi mlo uwe na protini ya kutosha.

Tafiti kuhusu mfungo wa Ramadhani zinaonesha kuwa mafuta hupungua zaidi kuliko misuli, hasa kwa wenye uzito uliozidi, lakini wengi hurudia uzito wao wa awali wiki chache baada ya Idi.

Mbaazi na ufuta viingie kwenye futari

Mtu mzima mwenye kilo 60 huhitaji takribani gramu 48 za protini kwa siku. Gramu 100 za muhogo, chakula kinachopendwa kwenye futari, zina chini ya gramu 2. Mbaazi kavu za uzito huo zina zaidi ya gramu 20, na ufuta au korosho takribani gramu 18.

Mazao haya matatu ndiyo ambayo wakulima wa Ruangwa huyauza kwa mfumo wa stakabadhi ghalani kupitia Chama Kikuu cha Ushirika RUNALI. Ni vyema kaya ikabakiza sehemu ya mavuno kwa ajili ya mlo. Mbaazi zikiliwa na ugali wa mahindi au mtama hukamilishana kwa protini. Mayai, dagaa na samaki huongeza ubora wa mlo, na kazi ya mikono husaidia kulinda misuli.

Wanaopaswa kuchukua tahadhari

Wagonjwa wa kisukari, hususan wanaotumia dawa, wajawazito, wanaonyonyesha, wazee waliodhoofu na wagonjwa wengine wa muda mrefu wanashauriwa kumwona mtaalamu wa afya katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kabla ya kuanza kufunga. Anayepata kizunguzungu, kutetemeka au kuchanganyikiwa akiwa amefunga apatiwe huduma mara moja.