Iceland: Kisiwa kinachoota moto wa volkano na kuuogopa

KATIKA bahari ya Atlantiki, baina ya Greenland na Norway, kuna kisiwa cha Iceland, nchi yenye ukubwa wa takriban kilomita mraba 103,000 lakini yenye watu wasiotimia 400,000. Karibu thuluthi mbili ya watu hao wanaishi katika mji mkuu, Reykjavik, na viunga vyake. Maeneo ya katikati ya kisiwa ni nyika ya mawe meusi, milima ya volkano na barafu, ambako hakuna makazi ya kudumu.

Mgeni anaweza kudhani kwamba mji na nyika hiyo ni mambo mawili yasiyohusiana. La hasha. Nchini Iceland, nyika ndiyo inayoulisha mji, na nyika hiyo hiyo ndiyo inayoweza kuuangamiza.

Chanzo chake ni mahali kisiwa kilipokaa. Iceland iko juu ya mpaka wa mabamba mawili ya gamba la dunia, yanayotengana kwa takriban sentimita mbili kila mwaka. Ufa wa mtengano huo unaonekana wazi katika bonde la Thingvellir, mashariki mwa Reykjavik. Hapo ndipo wenyeji walipoanzisha bunge lao, Althing, mnamo mwaka 930, na ndipo walipotangaza jamhuri Juni 17, 1944, baada ya kutawaliwa na Denmark kwa karne kadhaa.

Jina Reykjavik lina maana ya Ghuba ya Moshi. Inasimuliwa kuwa walowezi wa kwanza, waliofika katika karne ya tisa, waliona mvuke wa chemchemi za maji moto wakauita moshi. Mwaka 1930, maji hayo yalianza kupelekwa kwa mabomba hadi katika shule moja ya mji huo. Leo, nyumba tisa kati ya kila kumi nchini zinapashwa joto kwa maji yanayotoka ardhini. Yakishatumika nyumbani, baadhi yake hupitishwa chini ya njia za waenda kwa miguu ili kuyeyusha theluji. Aidha, mitaa mingi ina kidimbwi cha kuogelea cha maji moto, ambacho kwa wenyeji ni baraza la mazungumzo hata wakati wa baridi kali.

Hata majengo yameiga nyika. Kanisa la Hallgrímskirkja, lililokamilika mwaka 1986 na lenye mnara wa takriban mita 74, lilibuniwa kwa mfano wa nguzo za mawe zinazofanyika lava inapopoa.

Anayetaka kuzuru miji mingine hutumia barabara ya takriban kilomita 1,300 inayokizunguka kisiwa, kwani nchi hiyo haina reli ya abiria. Barabara hiyo ilikamilika mwaka 1974. Humfikisha msafiri Akureyri, mji wa kaskazini wenye wakazi wapatao 20,000, na pia kusini-mashariki, chini ya barafu ya Vatnajökull, inayofunika karibu asilimia nane ya nchi. Chini ya barafu hiyo mna volkano. Zikilipuka, barafu huyeyuka na maji hufurika. Mwaka 1996 mafuriko ya namna hiyo yalisomba daraja katika barabara hiyo kuu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mlipuko wa Laki wa mwaka 1783 ulitoa gesi ya sumu iliyoharibu malisho na kuua mifugo, na njaa iliyofuata ikaangamiza takriban mtu mmoja kati ya kila watano. Mnamo Januari 1973, wakazi wapatao 5,000 wa kisiwa kidogo cha Heimaey waliokolewa usiku mmoja, wengi wao kwa mashua za wavuvi. Bandari yao ilinusurika baada ya lava kumwagiwa maji ya bahari kwa miezi kadhaa hadi ikaganda.

Mji wa wavuvi wa Grindavík haukupata bahati hiyo. Wakazi wake wapatao 3,800 walihamishwa Novemba 10, 2023, na Januari 14, 2024 lava ikateketeza baadhi ya nyumba. Mwezi uliofuata, lava ilikata bomba la maji moto kutoka kituo cha Svartsengi, na zaidi ya watu 20,000 wa rasi ya Reykjanes wakakosa joto katika majira ya baridi. Moto uliowapa joto ndio uliowanyima.

Mkasa wa kisiwa hicho umewahi kufika hata Naivasha. Jivu la volkano ya Eyjafjallajökull lilipozuia safari za ndege Ulaya mnamo Aprili 2010, maua ya Kenya yaliyokuwa yakisubiri kusafirishwa yalioza na baadhi ya vibarua wa mashamba wakakosa kazi kwa muda.

Hata hivyo, Iceland pia imetufaa. Tangu mwaka 1979, taasisi ya mafunzo ya kawi ya mvuke nchini humo imepokea wanafunzi kutoka nchi zinazoendelea, na Kenya ni miongoni mwa zilizonufaika zaidi. Kituo cha Olkaria, kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 1981, hutumia joto la aina hiyo hiyo, kwani Bonde la Ufa nalo ni mahali ambapo ardhi inatengana.

Wenyeji wa Iceland hawajaizima volkano hata moja. Wanachofanya ni kupima mitetemeko mchana na usiku, kujenga kingo za udongo mbele ya lava, na kuondoka upesi waambiwapo waondoke. Grindavík nyumba ziliungua, lakini wenyewe walikuwa wameshatoka.