Herufi “o” iliyotoroka Ugiriki

Aprili 7, 1795, bunge la mapinduzi la Ufaransa lilipitisha sheria ya vipimo vipya. Vipimo vikubwa vilipewa viambishi vya asili ya Kigiriki, vidogo vikapewa vya Kilatini. Ndiyo maana hadi leo tunasema kilomita kwa “o”, lakini sentimita na milimita kwa “i”. Wafaransa hawakuzibuni irabu hizo. Walizikuta kazini, zina umri wa zaidi ya miaka elfu mbili.

Kiingereza, ambako irabu hizo zimezaana sana, kiasili hakizihitaji. “Sunflower” ni maneno mawili yaliyosimamishwa bega kwa bega, basi. Hata “i” iliyo katikati ya “handiwork” inatudanganya: ni masalia ya kiambishi “ge-” cha Kiingereza cha kale, wala haikuwekwa kuunganisha chochote.

Turudi Ugiriki. Majina mengi ya Kigiriki yalikuwa na shina linaloishia kwa “o”. Demos ni watu, na shina lake ni demo-. Lipachike kwenye kratia, yaani utawala, upate demokratia. Hapo “o” si gundi hata kidogo. Ni mali halali ya neno la kwanza. Lakini yalikuwapo majina yasiyokuwa nayo. Aner, mwanamume, lina shina andr-, na andr- haliwezi kukaa vizuri mbele ya konsonanti nyingine. Wagiriki wakaliazimia “o” kutoka kwa wenzake walio wengi. Homer tayari anamwita Hektor androphonos, muuaji wa watu. Psykhe, nafsi, lina irabu yake mwenyewe mwishoni, lakini nalo likaburutwa likawa psykho-. Kwa hiyo aliyeing’oa “o” shinani na kuigeuza gundi ni Mgiriki mwenyewe. Wasomi wa Ulaya walikuja kurithi tu.

Si kila neno lilikubali. Genea, ukoo, lilishikilia “a” yake, na ndiyo sababu “genealogy” inawatega wasemaji wengi wa Kiingereza: wameandikiwa “a”, wao wanatamka “o”. Tele, yaani mbali, ni kielezi, hakina shina la kubadilishwa. Giovanni Demisiani alipoipa darubini ya Galileo jina la “telescope” mwaka 1611, “e” ilibaki palepale. Na neno la pili likianza kwa irabu, “o” hudondoka. Kila anayenunua shamba la hektari moja anaitamka kanuni hiyo bila kujua: ni hekto na ari, “o” imemezwa na “a”.

Na ile “i” ya Kilatini je? Hapa pana jambo linalonifurahisha kuliko yote. Ni “o” ileile. Katika Kilatini cha kale irabu fupi za katikati ya neno zilififia, na agro- ya shambani ikawa agri-. Irabu hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa nyumba tofauti. Wataalamu wa mimea bado wanazitenganisha: kanuni zao za kimataifa zinapendekeza “o” kwa Kigiriki na “i” kwa Kilatini. Linnaeus alipoandika majina ya mimea mwaka 1753, mwembe ulikuwa Mangifera na mnazi ukawa Cocos nucifera, wenye kuzaa maembe na wenye kuzaa kokwa. Mlonge nao, ambao unga wake unauzwa siku hizi kila kona, ni Moringa oleifera, wenye kuzaa mafuta. Zote “i”.

Nje ya bustani, nidhamu hiyo ilivunjika zamani. Mwaka 1839 Auguste Comte alichapisha neno sosholojia, kichwa Kilatini na mkia Kigiriki, na wapenda usafi wa lugha wakanung’unika. Mwaka 1944 mwanasheria Raphael Lemkin aliunda “genocide”, yaani mauaji ya kimbari: genos ya Kigiriki pamoja na -cide ya Kilatini, ambayo kwa desturi hutanguliwa na “i”, kama katika “homicide”. Ilishinda “o”. Kosa linalotajwa na neno hilo ndilo ambalo kwalo mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu wa Rwanda mwaka 1998, hukumu ya kwanza ya aina hiyo kutolewa na mahakama ya kimataifa.

Waingereza wenyewe walikwisha kuyakata maneno ya aina hii mahali pengine kabisa. Sikio lao lilisikia -ology na -ometer, “o” ikiwa imehamia upande wa pili. Katika Hard Times ya Charles Dickens, ya mwaka 1854, Bibi Gradgrind akiwa mahututi analalamikia “ology” zilizojaa nyumbani mwake. Kiungo kimekuwa neno kamili. Ndiyo ikawezekana “speedometer”, ambamo “speed” ni Kiingereza kitupu na “o” haina mzazi upande wa kushoto.

Mwanasosholojia Michael Young alipotaka kuupa jina utawala wa wenye vipaji, rafiki yake aliyebobea katika lugha za kale alimwonya kwamba kuunganisha Kilatini na Kigiriki ni kuvunja kanuni za matumizi mazuri ya lugha. Kwa kanuni, rafiki alikuwa sahihi. Mwaka 1958 kitabu chake kilitoka, na “meritocracy” iko kwenye jalada.