Kuwasha si kuwaka

Moto huwashwa, taa huwashwa, na kompyuta nayo huwashwa. Kuwasha ni kazi ya mtu. Kuwaka ni hali ya kitu. Sauti moja tu imebadilika, k ikawa sh, kama chemka na chemsha. Unabonyeza kitufe mara moja, lakini mashine inakawia kuwaka sawasawa. Mpishi anaijua sababu: jiko lililoshindiliwa kuni hutoa moshi. Ndivyo programu zinazojianzisha zenyewe zinavyogombania diski. Kwenye Windows 10, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Startup kwenye dirisha linalotokea, uzizuie programu usizozihitaji mapema. Ya kukinga virusi iache. Ulizozizuia hazifutwi, zinasubiri kuitwa. Punguza kuni, moto utashika.