Jina la Oldham na Taarikhi ya Pamba Yake

Ajuaye Kiingereza, akikutana na jina la Oldham, aghalabu hudhani kuwa maana yake ni makao ya kale. Na dhana hiyo si ya kushangaza, kwani majina mengi ya miji ya Uingereza yameishia kwa silabi hiyo hiyo ya -ham. Lakini hapo zamani jina hili liliandikwa Aldehulme, na wengi katika wataalamu wamekubaliana kuwa sehemu yake ya pili imetokana na neno la Kinorsi, holmr, yaani rasi ya ardhi iliyojitokeza, likaunganishwa na neno la Kiingereza lenye maana ya ukongwe. Mji wenyewe, uliokaa juu ya kilima baina ya mito Irk na Medlock, kaskazini-mashariki ya Manchester, waithibitisha tafsiri hiyo.

Nayo ina faida kwa mwanataarikhi, maana yatukumbusha kuwa Oldham haikupewa na ardhi yake ila mwinuko, baridi na udongo hafifu, hata wakazi wake, kabla ya pamba kuwafikia, wakalazimika kutafuta riziki kwa kufuma sufi na kutengeneza kofia. Wako waandishi wanaoueleza ustawi uliofuata kwa unyevu wa hewa, uliozuia nyuzi kukatika, na kwa makaa ya mawe yaliyochimbwa papo hapo. Sikanushi, lakini miji jirani ilinyeshewa mvua ile ile na kuchoma makaa yale yale, wala haikufikia daraja ya Oldham, ambayo mwaka 1911 ilikuwa na vijiti vya kusokotea nyuzi zaidi ya milioni 16, hali dunia nzima ilikuwa na takriban milioni 143.

Kilichoipambanua, kwa rai yangu, ni namna yake ya kukusanya rasilmali. Kiwanda cha Sun Mill, kilichojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1860 kwa juhudi za wanaushirika, kilionyesha kuwa akiba za watu wa kawaida, wasokotaji na wenye maduka, zaweza kusimamisha jengo ambalo zamani lilihitaji mkoba wa tajiri mmoja. Na baina ya 1873 na 1875 kampuni za hisa zikazuka kwa wingi, zikinunua mitambo kwa Platt Brothers, waliokuwa mjini humo humo.

Hofu ya kutegemea pamba ya Marekani, iliyoachwa na njaa ya pamba, yaani uhaba wake, ya 1861 hadi 1865, nayo haikusahaulika. Mwaka 1901 wafanyabiashara wa Oldham ndio walioanza mashauri yaliyozaa, mwaka 1902, Jumuiya ya Waingereza ya Kukuza Pamba, na matokeo yake yalifika hata Uganda, ambako kilimo cha pamba kilianza kuenezwa mwaka 1904.

Lakini mfumo ule ule wa hisa ulioinua mji ndio uliouzidishia maumivu ya kuanguka. Katika pupa ya 1919 na 1920 viwanda vingi viliuzwa upya kwa bei iliyopita thamani yake, kwa fedha za mkopo na hisa zisizolipwa kikamilifu. Na soko la Bara Hindi lilipopunguka, kampuni ziliwadai wenye hisa masalio yao, hata jamaa waliodhani wameweka akiba ya uzeeni wakajikuta ni wadaiwa wa viwanda walivyovifanyia kazi.