Habari za Wakilindi: Kitabu Kinachotajwa Kuliko Kusomwa

Jina la Habari za Wakilindi hutajwa sana na wanazuoni. Waliokisoma kitabu chenyewe toka mwanzo hata mwisho ni wachache. Mwandishi wake, Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, alikuwa mtu wa baraza la Semboja, na baadaye liwali wa Tanga. Misheni ya UMCA ilikipiga chapa kwa sehemu tatu kati ya 1895 na 1907. J. W. T. Allen alikitoa tena mjini Nairobi mwaka 1962, na tafsiri yake ya Kiingereza ikafuata mwaka 1963. Tangu hapo wanahistoria wamechota humo ushahidi wao. Waalimu wa lugha wamekipita kando.

Ama nchi inayosimuliwa si ngeni. Habari zaanza katika milima ya Nguu, iliyokuwa sehemu ya Handeni kabla wilaya ya Kilindi haijatengwa mwaka 2002. Huko alitoka Mbegha, mwindaji aliyekataliwa na jamaa zake kwa kuwa kigego, akapanda Usambara, akaua nguruwe waharibifu, akagawa nyama, hata akatawazwa Vugha. Vizazi kadhaa baadaye, Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, Semboja mwanawe aliuacha mlima akakaa Mazinde, katika Korogwe ya leo, penye njia ya misafara. Biashara na bunduki zikawapa wa bondeni nguvu juu ya wa mlimani.

Yampasa msomaji kukumbuka kwamba mwandishi alikula chumvi ya Semboja. Tena Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974, alilinganisha habari za Mbegha na simulizi nyingi za wazee wa Kishambaa, akaonyesha kuwa zina maana ya kisa cha asili kuliko ya tarehe.

Lakini upungufu huo hauipunguzi thamani ya lugha yake. Hii ni nathari ndefu ya Kiswahili, iliyotungwa kabla ya kamati ya kusanifisha lugha kuundwa mwaka 1930. Husonga mbele kwa maneno ya watu wanaojibizana barazani, na huyapokea maneno ya bara, kama zumbe na simba mwene, pasipo haya. Asemaye kwamba nathari ya Kiswahili ilizaliwa darasani, na akisome kwanza kitabu hiki.